Dekuveri: deni linalolipwa kila mwezi na halipungui

Hapa Lubumbashi, siku mshahara unapoingia, wapo watu wengi wanaopata ujumbe wa benki kwenye simu, wanaufungua, na kukuta salio ni dogo kuliko mshahara wenyewe. Benki imechukua kwanza ilichokuwa inadai, ikaongeza gharama zake, ikaacha kilichobaki. Kufikia tarehe 10 nacho kimekwisha: kodi ya nyumba Katuba, unga wa bukari, nauli, ada ya watoto wa sekondari. Mwenye akaunti anarudi kuchota chini ya sifuri, na mwezi unaofuata mambo ni yaleyale.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mtu huyu analipa. Analipa lote, kila mwezi, bila kukosa, na bado anadaiwa. Nataka tulifungue jambo hili polepole, kwa sababu nawaona watu wanajilaumu kwa ubadhirifu, au wanagombana nyumbani juu ya nani alikula pesa, wakati tatizo lao kubwa ni umbo la deni lenyewe. Dekuveri, yaani kuchota benki chini ya sifuri, ni deni lisilo na kalenda. Halikupangiwa siku ya kuisha, ndiyo maana haliishi.

Kitu chenyewe ni nini

Mwaka 2011 Serikali ya Kongo ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, badala ya noti kuhesabiwa mezani kwa mhasibu. Tangu hapo walimu, wauguzi na polisi wamekuwa wateja wa benki, wakitaka wasitake. Waajiriwa wa migodi na wa kampuni ndogo zinazofanyia migodi kazi walikuwa wameshazoea. Mshahara ukipita benki kila mwezi, benki inauona, na kwa kuwa inauona inaweza kukukopesha juu yake.

Watu wanaita "dekuveri" vitu vinavyotofautiana sana. Ya kwanza ni ile iliyokubaliwa: umesaini karatasi, benki imekuruhusu kushuka chini ya sifuri hadi kikomo fulani, na kiwango cha riba kimeandikwa. Ya pili haikukubaliwa na mtu. Akaunti inashuka yenyewe, kwa mfano benki imekata ada ya kutunza akaunti ilhali hakukuwa na kitu ndani, au agizo la malipo limefika kabla ya mshahara. Hapo benki inaweza kulikataa agizo na kukutoza kwa kulikataa, au kulipitisha na kukutoza riba ya juu zaidi. Halafu kuna avansi ya mshahara, yaani kiasi kimoja unachopewa leo na kinachokatwa chote siku mshahara ukiingia. Kwenye taarifa ya akaunti vyote vitatu vinaonekana kama alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Ukienda kuzungumza na benki, jua kwanza uko kwenye kipi, kwa sababu lisilokubaliwa ndilo la kuzimwa leo, na lililokubaliwa lina nafasi ya mazungumzo.

Mkopo wa kawaida ni mnyama mwingine kabisa. Una marejesho ya kila mwezi na siku ya mwisho. Shikilia tofauti hiyo; tutaihitaji.

Gharama inavyohesabiwa

Gharama zote zinazotokana na kuwa chini ya sifuri watu wa benki wanaziita ajio. Ndani yake riba ni sehemu moja tu, na mara nyingi ndiyo ndogo.

Riba inahesabiwa kwa siku. Benki inazidisha kiasi ulichokuwa chini kwa idadi ya siku ulizokaa hapo, kisha inazidisha kwa kiwango cha mwaka na kugawanya kwa 36,000, ambayo ni siku 360 za mwaka wa kibenki mara mia. Tuchukue mfano wa muuguzi anayelipwa dola 600 na mwenye kikomo cha dola 300. Anakaa chini kwa dola 300 siku 20, na kiwango ni asilimia 24 kwa mwaka. Tarakimu hizi ni zangu za kufundishia. Bei ya benki yako isome kwenye karatasi yake. Hesabu inatoa dola 4. Mtu akiiona dola 4 anasema si neno.

Sasa ongeza mengine. Tuseme kuna ada ya mwezi ya kuweka dekuveri, ada ya ujumbe na ada ya kutunza akaunti iliyo chini, jumla dola 8. Juu ya ada hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA ya asilimia 16, kwa hiyo dola 8 zinakuwa 9.28. Pamoja na riba muuguzi amelipa dola 13.28 kwa kushika dola 300 siku 20. Ukiigeuza iwe ya mwaka mzima, ile asilimia 24 ya kwenye karatasi imekuwa karibu 80.

Kwa kiasi kidogo inauma zaidi. Mtu aliyeshuka dola 50 kwa siku 6 anadaiwa riba ya senti 20 tu. Lakini ada hazijali ukubwa wa deni, na ile 9.28 anailipa yote. Amekopa 50 kwa siku sita, amelipia 9.48. Hiyo ni karibu moja ya tano ya alichokopa, kwa muda usiofika wiki. Kwa hiyo anayesema "nilishuka kidogo tu, wala si wiki" ndiye aliyenunua mkopo wa bei ghali kuliko wote. Afadhali angemwambia ukweli mwenye duka la unga na kuomba siku sita.

Kuna mambo mawili mengine yanayojificha. La kwanza ni siku ya kuhesabiwa. Siku pesa inapoonekana kwenye akaunti si lazima iwe siku inayoanza kuhesabiwa kwa ajili ya riba. Uliyoweka Ijumaa inaweza kuhesabiwa tangu Jumatatu au baadaye, na uliyotoa ikahesabiwa siku ileile au moja kabla. Siku mbili huku, siku moja kule, na dekuveri ya siku 20 imelipiwa riba ya siku 23. Kwenye taarifa ya akaunti kuna safu mbili za tarehe. Wengi husoma ile ya kwanza. Ya pili ndiyo inayotengeneza gharama.

La pili linawagusa zaidi wafanyabiashara, hasa wanaokwenda mpakani Kasumbalesa kuchukua mahindi na unga wa Zambia na kurudi kuuza soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kwenye akaunti za biashara benki nyingi hutoza pia kamisheni juu ya kilele cha dekuveri, yaani ile siku moja ya mwezi uliyoshuka chini kuliko zote. Ukishuka dola 5,000 siku moja tu ya kulipia forodha, kisha ukakaa chini kwa 500 mwezi mzima, kamisheni inachukuliwa juu ya ile 5,000. Hapo kugawa malipo mara mbili, au kungoja siku moja mteja alipe, kunaokoa pesa ya kweli.

Faranga na dola

Wenzetu wa nchi jirani hawana tatizo hili kwa kiasi chetu. Sisi tuna akaunti mbili, ya faranga na ya dola, na deni linaweza kukaa kwenye moja wakati pesa iko kwenye nyingine. Nimeona taarifa za watu wenye dola 80 zimelala upande mmoja na faranga zikiwa chini ya sifuri upande wa pili, ajio zinakimbia. Katika akaunti nyingi hakuna kinachohama chenyewe mpaka mwenye akaunti aagize. Kabla ya kutafuta wa kukukopesha, tazama kama hujikopeshi mwenyewe kwa riba ya benki.

Hatari kubwa zaidi ni kulipwa kwa faranga na kudaiwa kwa dola. Katikati ya mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Miaka miwili baadaye ilikuwa kama 2,800. Mwalimu aliyedaiwa dola 300 alihitaji faranga 600,000 mwanzoni na 840,000 baadaye, na hakuwa ameongeza hata senti ya deni. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipanda ghafla. Wenye deni la dola na mshahara wa faranga wakapumua, na wanaolipwa kwa dola wakaona mshahara wao umenyauka sokoni. Hakuna kambisti, yaani mbadilisha pesa, wa mjini aliyeweza kukuambia hayo mapema.

Mtu atasema riba ya dola iko chini kuliko ya faranga. Ni kweli kwa kawaida: Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake hadi asilimia 25 Agosti 2023, na ilipoishusha Oktoba 2025 ilibaki 17.5, kwa hiyo mkopo wa faranga hauwezi kuwa rahisi. Hata hivyo mimi nasimama hapa: daiwa kwa pesa unayolipwa. Riba unaweza kuipigia hesabu kabla ya kusaini. Bei ya dola ya mwakani huwezi.

Kwa nini mshahara hauliui deni

Turudi kwa muuguzi wetu. Mshahara wa dola 600 unaingia na kujaza shimo la 300, ajio zinachukua 13.28, naye anabaki na 286.72. Akizimaliza anashuka tena hadi 300. Yaani kwa mwezi anaishi kwa dola 586.72: nusu yake, nusu ya benki. Baada ya mwaka amelipa ajio za dola 159.36. Deni ni lilelile, 300. Amelipa zaidi ya nusu ya deni na halijasogea.

Sasa aende benki aombe lile shimo ligeuzwe mkopo wa miezi kumi, kwa riba ileile ya asilimia 24. Marejesho yanakuwa dola 33.40 kwa mwezi, jumla 334. Siku mkopo unapoingia akaunti inarudi sifuri. Mshahara unaofuata anaupata wote, analipa 33.40, anabaki na 566.60.

Linganisha: alikuwa akiishi kwa 586.72, sasa anaishi kwa 566.60. Tofauti ni dola 20 na senti kidogo kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutoka. Watu wanaogopa kugusa dekuveri kwa sababu wanafikiri lazima watafute dola 300 mahali. Hawahitaji 300. Wanahitaji 20 kila mwezi kwa miezi kumi, na baada ya hapo mshahara ni wao wote. Hata benki ikitoza ada ya faili ya dola 10 au 15, bado faida ni kubwa mno.

Sharti ni moja, na likivunjwa ni heri mtu asingeanza: siku mkopo unapotolewa, kikomo cha dekuveri kifutwe kwa maandishi. Kikibaki wazi, mwezi wa tatu kutakuwa na msiba, au mtoto ataugua malaria, na muuguzi atakuwa na mkopo na dekuveri pamoja. Benki haitakukumbusha kukifuta. Ni wewe wa kuliandika kwenye barua.

Benki ikikataa kukupa mkopo, unaweza kutengeneza kalenda yako mwenyewe. Omba kikomo kishushwe dola 30 kila mwezi: 300, 270, 240, hivyo hivyo. Ni kazi ngumu zaidi kwa sababu ajio zinaendelea huku unapanda, lakini kila ngazi ikifungwa huwezi kurudi chini yake. Njia nyingine ni likelemba, ule mchango wa kikundi ambapo kila mmoja anapokea pesa zote kwa zamu. Zungumza na mama anayeiongoza, mweleze, mwombe zamu ya mapema. Zamu ikifika, jaza shimo lote siku hiyohiyo na ufunge kikomo siku hiyohiyo, kisha endelea kuchangia mpaka wa mwisho apate chake. Likelemba haina riba, na kwa maoni yangu hakuna njia bora kuliko hii kwa deni la ukubwa huu. Inadai tu kwamba usiwaangushe wenzako, na hilo kwetu lina uzito kuliko barua ya benki.

Banque Lambert na madeni mengine

Asilimia kubwa ya watu wenye dekuveri wana madeni mengine pembeni, na hapo ndipo kosa linapofanyika. Mshahara ukichelewa, benki inapiga simu, na mtu anakimbilia Banque Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani anayebaki na kitambulisho au kadi yako ya benki. Akikupa dola 100 na kutaka 130 mwisho wa mwezi, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Ukishindwa kurudisha mtaji na kulipa 30 kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa dola 360, na zile 100 bado unadaiwa. Sheria ya jinai ya Kongo inaadhibu kukopesha kwa riba ya kupita kiasi kwa kutumia shida ya mtu, lakini wachache wanaomshitaki mkopeshaji anayeishi barabara ileile. Kujaza dekuveri kwa pesa ya Banque Lambert ni kuhamisha deni kutoka ghali kwenda ghali mno. Na kadi ya benki usimwachie mtu kamwe: mwenye kadi na namba ya siri ndiye mwenye mshahara.

Ukiwa na madeni kadhaa, panga kwa gharama ya kila mwezi, usipange kwa kelele. Mama wa duka mwenye daftari anaweza kuwa anapaza sauti kuliko wote, na deni lake halizai kitu. Nenda kwake uso kwa uso, mpe kidogo, mwambie tarehe ya kweli. Kodi ya nyumba na chakula vitangulie. Kisha nguvu yote iende kwa deni linalozaa zaidi, kwa kawaida la mtaani, halafu dekuveri, halafu mikopo yenye kalenda. Kwa ndugu aliyekukopesha bila riba, kimya ndicho kinachovunja undugu. Piga simu hata kama huna kitu.

Kuna kanuni ya kisheria ambayo watu wachache wanaijua na ina faida kubwa. Sheria yetu ya mikataba, amri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inasema malipo yasiyotosha deni lote huhesabiwa kwanza kwenye riba, ndipo kwenye mtaji. Ndiyo maana unaweza kulipa kidogo kidogo muda mrefu na mtaji usiguswe. Lakini sheria hiyohiyo inampa mwenye madeni kadhaa kwa mdai mmoja haki ya kusema, anapolipa, analipa deni lipi. Ukiweka pesa benki ukiwa na mkopo na dekuveri, andika kwenye karatasi ya kuwekea pesa ni kwa ajili ya nini.

Na ukiombwa kumdhamini mwenzako, fikiri mara mbili. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya dhamana ya OHADA inamchukulia mdhamini kuwa anawajibika sawa na mdaiwa, isipokuwa mkataba useme vingine waziwazi. Benki haina haja ya kummaliza yeye kwanza ndipo ije kwako.

Kwenye meza ya benki

Wengine hufikiria kukimbia: mshahara uhamishwe benki nyingine, shimo libaki huko. Mara nyingi haiwezekani, kwa sababu mwajiri amesaini kwamba mshahara utaendelea kupita benki hiyo mpaka deni liishe. Hata ikiwezekana, benki zinapeleka habari za wadaiwa kwa Benki Kuu, na benki mpya itauliza huko. Kanuni ya Kazi ya 2002 inaweka mpaka wa sehemu ya mshahara inayoweza kukamatwa kwa ajili ya deni, na ni ulinzi mzuri ukiwa na mdai anayekwenda kwa mwajiri. Lakini mshahara ukiingia kwenye akaunti iliyo chini ya sifuri, hakuna anayeukamata: unajaza shimo wenyewe. Kwa hiyo mazungumzo hayakwepeki.

Nenda kabla ya siku ya mshahara. Ukienda siku tatu baada yake, pesa imeshakatwa na afisa hana cha kufanya. Omba taarifa ya akaunti ya miezi sita, hesabu ya ajio mwezi kwa mwezi, na karatasi ya bei za huduma. Kaa na mtu anayejua hesabu, mpitie mstari kwa mstari. Mara kwa mara utakuta ada iliyokatwa mara mbili, au ujumbe wa simu unaolipiwa ingawa namba yako ilishabadilika. Kama ulishuka kwa sababu mwajiri alichelewesha mshahara, mwombe barua inayosema hivyo na uiambatanishe. Afisa ana uwezo wa kusamehe baadhi ya ada. Riba ni ngumu zaidi, ada ni rahisi, na tumeshaona kwamba ada ndiyo sehemu kubwa.

Barua iwe ya Kifaransa na fupi: namba ya akaunti, unachopinga kwa tarehe na kiasi, unachoomba, na kiasi cha marejesho unachoweza kila mwezi. Taja kiasi unachokiweza kweli. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Bila muhuri, mazungumzo yote ya dirishani ni upepo. Msimamizi wa tawi asipojibu, andika makao makuu. Wasipojibu, Benki Kuu ina ofisi hapa Lubumbashi, nayo ndiyo inayosimamia mabenki chini ya sheria ya tarehe 27 Desemba 2022.

Na deni likiisha, omba barua inayosema limeisha na kikomo kimefutwa, kisha soma taarifa ya mwezi unaofuata. Ada ya dekuveri ikionekana tena, rudi na barua hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu dola chache zilizokatwa kwenye akaunti tupu zinatosha kuanzisha shimo jipya.